Taarifa ya Munongo kuhusu kifo cha Lumumba: uongo ungebainika vipi wakati uleule?

Mwana_Ujiji
Wakuu, habari zenu. Tarehe 13 Februari 1961 Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga (jimbo lililokuwa limejitenga na Kongo), aliwaita waandishi wa habari Elisabethville (Lubumbashi ya leo) akatangaza kwamba Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, na wenzake Mpolo na Okito walitoroka kizuizini wakauawa na wanakijiji. Sasa tunajua si kweli. Swali langu: kwa habari zilizokuwepo siku ile, msomaji makini angeubaini vipi uongo huo bila kusubiri nyaraka za miaka 40 baadaye? Na muuaji hasa ni nani: CIA, Ubelgiji au Tshombe, rais wa Katanga? Huku mitandaoni kila mtu na lake.

Karani wa Nyaraka
Mkuu, anza na kile taarifa ilichokataa kutoa. Munongo hakutaja kijiji, akidai anawakinga wakazi wake wasilipiziwe kisasi. Hakuonyesha makaburi. Miili haikuonwa na mtu yeyote wa nje. Kulikuwa na cheti cha kifo tu, kimetiwa sahihi na daktari Mbelgiji.

Angalia kila pengo linaziba nini. Bila kijiji, hakuna wa kuhojiwa. Bila miili, huwezi kujua risasi ziliingilia wapi wala zilipigwa kwa umbali gani, na kubwa zaidi, huwezi kujua kifo kina siku ngapi. Kwa joto la Katanga mwezi wa Februari, maiti ya siku chache na maiti ya wiki nne hazifanani hata kidogo. Daktari yeyote asiye na upande angeliona hilo papo hapo. Ndiyo maana miili ilipaswa isionekane kabisa.

Halafu lipo suala la fedha. Serikali ilisema kijiji hicho kitapata zawadi ya faranga 400,000. Kijiji cha siri kinalipwaje zawadi iliyotangazwa hadharani? Majirani wangekijua siku hiyohiyo.

Mwisho, tafuta shahidi wa mwisho asiye wa upande wowote. Hao ni askari wa Sweden wa Umoja wa Mataifa waliokuwa uwanja wa ndege wa Luano. Waliwaona mateka wakishushwa kwenye DC-4 jioni ya 17 Januari, huku wakipigwa. Baada ya hapo hakuna mtu wa nje aliyewaona wakiwa hai. Karibu mwezi mzima ni giza, na giza hilo lilikuwa mikononi mwa mtoa taarifa mwenyewe. Munongo alisema hata kwamba watashutumiwa kwa mauaji, na jibu lake ni: thibitisheni. Anayesema hivyo ndiye aliyeshika ushahidi wote.

Mzee wa Likasi
Naongezea kilichokuja kuthibitika. Kutoka Luano walipelekwa kwenye nyumba ya Brouwez, karibu na uwanja. Usiku uleule wa 17 Januari, kama saa 3:40, walipigwa risasi porini, kilomita 50 hivi kwenye barabara ya Jadotville (Likasi ya leo). Tshombe na baadhi ya mawaziri wake walikuwepo. Kikosi kiliongozwa na kapteni Mbelgiji, Julien Gat. Miili ilifukuliwa, ikahamishiwa upande wa Kasenga, ikafukuliwa tena, na afisa wa polisi Mbelgiji Gerard Soete akaikatakata na kuiyeyusha kwenye tindikali ya sulfuriki. Kwa hiyo siku Munongo anahutubia, hapakuwa na mwili wa kuonyesha hata kama angetaka.

Na tusiseme dunia ilidanganyika miaka 40. Tume ya Umoja wa Mataifa haikuweza kuchunguza ndani ya Kongo, lakini ripoti yake ya Novemba 1961 iliiona hadithi ya kutoroka kuwa ya kutunga, ikaelekeza kwenye 17 Januari na kwenye viongozi wa Katanga.

Karani wa Nyaraka
Kuhusu muuaji, tenganisha aliyetaka afe, aliyemsafirisha na aliyefyatua. Wengi hukosea kwa kuyachanganya haya matatu. CIA walipeleka sumu ya kumuua Lumumba Léopoldville (Kinshasa ya leo) mwaka 1960. Kamati ya Seneti ya Marekani ilikiri hilo mwaka 1975, lakini sumu haikutumika, na kamati haikukuta ushahidi wa kuihusisha CIA na mauaji yenyewe. Upande wa Ubelgiji kuna telegramu ya waziri d'Aspremont Lynden ya 6 Oktoba 1960 inayotaja "kumwondoa kabisa", na nyingine ya 16 Januari 1961 ya kumsukuma Tshombe ampokee mfungwa. Ile ya Oktoba isome kwa tarehe yake: wakati huo Lumumba alikuwa bado Léopoldville, na wapo wanaoitafsiri kama kumwondoa kisiasa. Ile ya Januari ni nzito zaidi, maana kesho yake ndege iliruka.

Tume ya bunge la Ubelgiji mwaka 2001 ilisema "wajibu wa kimaadili". Hiyo si hukumu ya mahakama, usiinukuu kama hukumu.

Mwana_Ujiji
Nashukuru sana. Na lile jino la Lumumba ambalo Ubelgiji ililirudisha 2022, si ushahidi wa DNA?

Mzee wa Likasi
Hapana. Lilikamatwa mwaka 2016 kwa familia ya Soete, lakini halikupimwa DNA kwa sababu kipimo kingeliharibu. Linatambulika kutokana na maelezo ya Soete mwenyewe, aliyekiri kuchukua meno, na mahali lilipokutwa. Ukiandika "DNA imethibitisha", umempa mkanushaji hoja ya bure.