Mjadala: Chuo cha udaktari kimpangie mchezaji wa besiboli ratiba yake?

Kibao: Kijana wa Marekani anacheza besiboli ya kulipwa na amepata nafasi ya kusomea udaktari. Je, chuo kimruhusu asome miezi ya mapumziko ya ligi tu, hata kama shahada ya miaka 4 itachukua 8? Nasema kimruhusu. McGill ya Kanada ilimpa Laurent Duvernay-Tardif wa Kansas City Chiefs ratiba nyepesi, akahitimu 2018 huku bado anacheza, akastaafu 2023. Tena akiwa mrushaji wa kuanza, yule anayewarushia wapigaji tangu mechi inapoanza, ndiyo rahisi zaidi, maana anacheza siku moja katika tano.

Dada Wodi: Kaka Kibao, Chiefs ni mpira wa Kimarekani, wakati ule mechi 16 za msimu. Besiboli ya ligi kuu ni mechi 162, mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba, na kambi ya mazoezi inafunguliwa katikati ya Februari. Zinabaki kama wiki 19. Mafunzo ya mwanafunzi katika wodi ya upasuaji huchukua wiki 8 hivi, magonjwa ya ndani 8 au zaidi. Zimekaribia kuisha. Wodi za lazima zote ni karibu mwaka mzima, kwa hiyo weka misimu mitatu ya baridi, na timu ikiingia mtoano wa Oktoba unaanza kuhesabu upya.

Mzee Kiwiko: Mimi nimekwama kwenye "siku moja katika tano". Nani kakwambia siku nne anapumzika? Leo karusha mipira 90 na ushei. Kesho bega limekaza: mbio nyepesi, mazoezi ya mkono, kukandwa. Siku ya pili au ya tatu anapanda kilima cha mazoezi, kile kituta cha kurushia, na kurusha mipira 25 hadi 35, kocha akitazama mguu unapotua. Halafu kurusha masafa marefu, halafu video za wapigaji wa timu inayofuata. Akilegeza hatua moja, uchovu unahamia kwenye kiwiko.

Kibao: Mzee wangu, sikusema analala. Nimesema ana saa kadhaa mchana. Mchezaji asiye na saa hizo ni mshikaji, yule anayechuchumaa kudaka mipira ya mrushaji karibu kila siku.

Mzee Kiwiko: Saa kadhaa za mchana, ndani ya basi au ndege, mji mwingine. Maiti ya anatomia haisafiri na timu.

Shubiri: Mnamsahau mrushaji wa akiba, anayeingia kumpokea wa kuanza. Hajui kama ataitwa leo. Anapasha mkono, anaambiwa akae, anapasha tena. Mipira hiyo ya kupasha haihesabiwi kwenye takwimu, lakini kiwiko kinaihesabu. Nafasi nzuri ya kusoma ni mtu akishafanyiwa upasuaji wa kano ya kiwiko, ule unaoitwa Tommy John kwa jina la mrushaji ambaye daktari Frank Jobe alimfanyia kwa mara ya kwanza 1974. Mrushaji hukaa nje miezi 12 hadi 18.

Mzee Kiwiko: Kwa hiyo tuwaombee vijana wakatike kano ndipo wasome? Shubiri, hilo neno lirudishe. Miezi hiyo ni kazi ya kila siku na mtaalamu wa viungo, tena chini ya uangalizi wa klabu.

Shubiri: Sijamwombea mtu mabaya. Nimesema muda upo.

Kibao: Turudi. Bobby Brown, mchezaji wa besiboli wa Yankees, aliweza yote, hata udaktari bingwa wa moyo aliusomea huku anacheza.

Dada Wodi: Hapana. Shahada ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Tulane ndiyo aliipata akicheza, 1950. Mafunzo ya udaktari bingwa, yanayofanyika hospitalini baada ya shahada, ndiyo yalimtoa uwanjani: 1954, katikati ya msimu, ana miaka 29, akaacha mpira moja kwa moja. Kikwazo chenyewe kiko hapo. Mafunzo hayo Marekani huanza tarehe 1 Julai, ligi ikiwa katikati, na kikomo cha kazi ni saa 80 kwa wiki, wastani wa wiki nne. Chuo kinaweza kupinda, hospitali inayokutegemea zamu ya usiku haipindi.

Kibao: Basi ahitimu, acheze mpaka mwisho, ubingwa uje baadaye.

Dada Wodi: Afike kwenye ubingwa hajagusa mgonjwa miaka sita? Wakuu wa programu za ubingwa hutazama pia mwaka wa kuhitimu. Afadhali afanye kama Mark Hamilton, aliyechezea timu ya besiboli ya Cardinals: amalize mpira kwanza, ndipo aingie chuo. Alihitimu 2020.

Shubiri: Nimerudi, maana kuna jambo halijaguswa. Mrushaji akiwa wodi ya upasuaji Januari ananawa kwa dawa na brashi mara tatu, nne kwa siku. Ngozi ya ncha ya kidole cha kati inakauka na kupasuka. Ndicho kidole kinachovuta mshono wa mpira, mishono 108, kila anaporusha. Kambi inafunguliwa Februari na lengelenge liko wazi, na sheria haimruhusu kubandika plasta kwenye mkono wa kurushia.

Mzee Kiwiko: Hapo umesema, ndugu yangu. Wodi ya upasuaji aichukue Oktoba, magonjwa ya ndani yaje mwisho, ngozi ipate wiki nane za kupona.

Dada Wodi: Kama chuo kitamwachia achague mwenyewe.