Tupeane uzoefu: Mashindano ya picha na insha za wanyamapori kwa wanafunzi wa sekondari

Mlezi wa Klabu (Morogoro)

Wakuu, habari za jioni.

Nafundisha bailojia shule ya bweni na ndimi mlezi wa klabu ya Malihai, ile ya uhifadhi wa wanyamapori, hapa shuleni. Tumeletewa shindano: mwanafunzi anapeleka picha moja ya wanyamapori na insha isiyozidi maneno elfu moja. Watoto wamechangamka kweli, hata wale wanaosinzia kwenye kipindi changu. Tatizo ni kwamba hapa ukikutwa na simu unarudishwa nyumbani ukamlete mzazi, kamera hatuna, na hela ya kukodi basi kwenda Mikumi haipo. Wanaotoka Iringa na Mbeya wanapita katikati ya hifadhi kila likizo, twiga wanawaona dirishani, lakini basi halisimami na wala halitakiwi kusimama.

Kuna mliowahi kushiriki mkiwa wanafunzi, kuna mliopeleka watoto, na najua humu hawakosi waliokaa meza ya majaji. Mlipigaje hizo picha? Insha mliziandikaje? Karibuni.

Mtoto wa Mawe (Mwanza)

Mwalimu, achana na habari za basi.

Nilishiriki nikiwa kidato cha tatu. Wenzangu wote akili ilikuwa kisiwa cha Saanane, wakapige swala na pimbi. Mimi nauli ya boti sikuwa nayo. Nyuma ya bweni letu kulikuwa na jiwe kubwa la kuanikia nguo, na juu yake alikaa mjusi kafiri dume, wale wenye kichwa na mabega mekundu halafu huku chini bluu iliyokolea. Tulikuwa tunampita kila siku, na kumrushia kokoto ilikuwa kawaida tu. Mwalimu wa jiografia ndiye aliyetuambia kwamba kisayansi anaitwa Agama mwanzae. Wazungu wamempa jina la mji wetu, sisi tunampopoa mawe!

Sasa sikia. Kila anayejua picha atakwambia piga asubuhi na mapema, mwanga bado mlaini. Kwa huyu utaambulia patupu. Asubuhi anakuwa kahawia, kama amepakwa vumbi. Jua likishampasha mwili ndipo rangi inapotoka, na ikifika saa nne, saa tano hivi, anawaka. Akitokea dume mwingine anaanza kunyanyua kifua, juu chini, juu chini, kumwonyesha kwamba jiwe lina mwenyewe. Nililala kifudifudi kwenye jiwe la moto, simu ya mwalimu nimeiegemeza kwenye kandambili isitikisike. Picha nyingi zilitoka mkia tu. Moja ikapata bahati: kifua juu, shingo imekaza, na nyuma yake sketi za shule zimeanikwa, zimefifia lakini unazitambua.

Majaji walisema sketi ndizo zilizoibeba. Nikashika nafasi ya pili kimkoa, nikapewa begi, madaftari na darubini ambayo ninayo mpaka leo. Wa kwanza alimpiga fisimaji akitafuna samaki. Hapo sibishi.

Mama Wawili (Dar es Salaam)

Kwa wa mjini: kunguru. Mwanangu alisoma shule ya kutwa katikati ya jiji, akasema mama hapa hakuna wanyama. Nikamwambia toka nje wakati wa mapumziko uone nani anakula mihogo yenu. Akawapiga wamejipanga juu ya ukuta, wale wenye shingo ya kijivu, mmoja ana ganda la yai mdomoni. Kwenye insha akaeleza kwamba hawa si wa kwetu, waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili wasafishe taka, wakavuka bahari na sasa wanakula mayai na makinda ya ndege wetu wa asili. Hakushinda, ila mpaka leo ukimtaja kunguru mbele yake ujue umeanzisha mhadhara.

Mwongoza Msafara (Arusha)

Mimi nipo upande wa pili. Kazi yangu ni kupeleka wageni mbugani, picha ni riziki ya pembeni, na nimewahi kuitwa kuwa jaji wa mashindano ya shule. Niseme ukweli kuhusu insha maana ndiko watoto wengi wanakozama.

Insha kumi ukizifungua, nane zinaanza hivi: "Wanyamapori ni rasilimali muhimu inayoliingizia taifa fedha za kigeni." Aya ya pili, maneno ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1961, lile Tamko la Arusha la kulinda wanyamapori. Ni maneno mazito na nayaheshimu, lakini ukiyasoma usiku kucha kutoka kila shule unaanza kuyakwepa. Siku hizi kuna na za akili mnemba. Hizo hazina kosa hata la nukta, na hazina mahali. Mtoto anaishi Mbulu halafu anaandika "katika savana pana za Afrika". Savana ipi, mwanangu? Huo mlima ulio nyuma ya nyumba yenu hauna jina?

Picha ninayoikumbuka kuliko zote haikuwa na mnyama ndani yake. Binti wa kidato cha pili, kijiji cha kule upande wa Udzungwa, alipiga unyayo wa tembo katikati ya shamba la mahindi la bibi yake. Usiku ule mvua ilinyesha, kwa hiyo unyayo umejaa maji, na ndani ya maji linaonekana bua moja lililobaki limesimama. Meza iligawanyika. Mwenzetu mmoja alisema hili ni shindano la wanyamapori, mnyama yuko wapi? Tukamwambia soma insha kwanza.

Aliandika jinsi bibi anavyolala shambani na debe la kugonga. Aliandika habari za uzio wa mizinga ya nyuki: mizinga inaning'inia kwenye waya mmoja, tembo akigusa popote yote inatikisika na nyuki wanatoka kwa hasira. Aliandika jinsi walivyojaza fomu za kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na safari za ofisini zilizofuata. Tembo hakumlaani, wala hakumsifu. Alisema bibi yake akimwona kwa mbali humwambia "shikamoo mzee", kisha ndipo anagonga debe. Yule aliyekuwa anauliza mnyama yuko wapi ndiye aliyempa alama nyingi kuliko sisi wote.

Tunachokitupa nje bila mjadala: ndege aliye kiotani na matawi yamekatwa ili aonekane, nyani aliyerushiwa ndizi, kinyonga aliyehamishiwa kwenye ua jekundu. Kinyonga wa kuwekwa humjui wewe, jaji anamjua. Anakuwa ameiva weusi kwa woga na miguu haijashika sawasawa. Msidhani ni utoto huo. Lile shindano kubwa la Makumbusho ya Historia Asilia ya London lilitoa ushindi wa 2009 kwa picha ya mbwa mwitu wa Ulaya (wolf, si huyu wa mbugani kwetu) akiruka lango usiku. Januari 2010 mpiga picha akavuliwa taji, majaji wameridhika kwamba mbwa mwitu yule alikuwa wa kufugwa. Mwaka 2018 wakamvua mwingine ambaye mnyama wake, mla mchwa wa Brazili, alifanana mno na yule aliyekaushwa na kuwekwa kituo cha wageni cha hifadhi hiyohiyo. Halafu shindano hilohilo lina vipengele vya watoto hadi miaka 17, na hawatozwi ada. Mwalimu lifuatilie.

Mlezi wa Klabu (Morogoro)

Mkuu, hapo kwenye fedha za kigeni umenigusa. Nina insha mezani sasa hivi, nimechungulia tatu za juu. Zote.

Popo wa Pemba

Assalaam alaykum.

Sie huku Pemba hatuna simba wala tembo, tuna popo. Na si hawa vipopo vya darini, hawa mabawa yakitandazwa yanapita mita moja na nusu, kichwa chake chekundu kama cha mbweha. Hayupo pahala pengine popote duniani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamebaki mamia tu, kwani watu wakiwala na miti ya kulalia ikikatwa. Wanakijiji wa Kidike na kwengineko wakajipanga kuwalinda, sasa ni maelfu kwa maelfu.

Binti yangu yupo skuli ya sekondari, na mwalimu wao alipoleta habari ya shindano nikampeleka Kidike mwenyewe. Alitaka kuwapiga magharibi wakitoka, kwa kuwa ndio wanapendeza. Simu haikuweza, ikatoa madoa meusi juu ya wingu. Tukarejea mchana wa jua kali. Kumbe mchana ndipo penye mambo: wananing'inia kichwa chini, na joto likizidi huanza kujipepea kwa bawa moja, taratibu, na mwengine wa pembeni hukasirika akamsukuma. Akampata mmoja bawa limefunguka nusu, jua linapita ndani yake, mishipa yote unaiona.

Insha alipewa na babu yake. Mzee alikaa akamsimulia bila haya namna walivyokuwa wakiwatega kwenye mishelisheli na miembe, nyama yake ilivyokuwa, na siku aliyoacha. Nilimwambia babu hebu tupunguze haya. Binti akakataa, akaandika yote. Ndiyo iliyomfikisha fainali.

Binti Ukunda (Kwale)

Mie nami nichangie. Huku Kenya nako simu shuleni ni marufuku, kwa hivyo Mwalimu usidhani uko peke yako. Klabu yetu ya wanyamapori (na hizi klabu Kenya zilianzishwa na wanafunzi wenyewe mwaka 1968, si na wizara) ilikuwa na kamera moja ndogo ikikaa ofisini kwa naibu wa mwalimu mkuu. Waisaini Jumamosi asubuhi, wairudisha kabla ya chakula cha jioni. Ikipotea betri ni shauri lako na mzazi wako.

Diani barabara imekata msitu, na juu yake kumetundikwa ngazi za kamba ili mbega wavuke bila kugongwa na magari. Watalii huwapiga wakiwa juu ya ngazi, na nilizijua picha hizo, ziko kila duka la kadi. Nikangoja upande wa msitu, pale ngazi inapofungwa mtini. Mbega hufika pale akasimama kidogo, akashika kamba akatazama chini. Nikapiga mkono tu. Mwalimu alipoikuza picha kwenye kompyuta ndipo tukaona: vidole vinne, gumba hakuna. Ni maumbile yao, lakini sisi tulizaliwa tukiwaona na hakuna aliyekuwa ashawahi kuhesabu.

Insha yangu ilihusu nyaya za stima, kwani mbega huchukulia waya kuwa ni tawi na akichanganya mbili ndio mwisho wake. Niliandika kwa Kiswahili, masharti yaliruhusu. Waliochagua Kiingereza ndio walioongoza kwa maneno makubwa, na sikumbuki hata moja kati ya zile insha zao.

Baba Neema (Dodoma)

Naona mnasimulia mazuri tu. Mimi niseme la masharti.

Binti yangu alishiriki shindano moja, jina nalihifadhi. Hakupata kitu. Mwaka uliofuata rafiki yangu ananitumia picha ya kalenda ya ukutani, mwezi wa nne ni swala wa mwanangu, jina lake halipo. Kuuliza, naambiwa mzazi ulisaini. Narudi kwenye fomu, kweli, maandishi madogo kabisa chini: mshiriki anakabidhi haki zote za picha. Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ipo, lakini ukishasaini kukabidhi umejifunga mwenyewe.

Kwa hiyo mwalimu, kabla hujawagawia watoto fomu ya ridhaa ya mzazi, soma wewe. Kuomba ruhusa ya kutumia picha kutangaza shindano, na jina la mtoto likawepo, hiyo ni sawa. Kukabidhi haki zote, kataa au andika barua uulize. Na shindano la wanafunzi linalodai ada ya kujisajili kwa namba ya simu ya mtu binafsi, chana karatasi.

Mwongoza Msafara (Arusha)

Baba Neema yuko sahihi. Naongeza: tunzeni faili halisi ilivyotoka kwenye simu au kamera. Ikitumwa kwa WhatsApp inabanwa, na jaji akiomba ya asili mtoto hana cha kuonyesha. Kupunguza pembeni au kurekebisha mwanga, ruksa kwa kawaida. Kuongeza au kufuta kitu, hapana. Na droni mbugani bila kibali msithubutu, hata kama mjomba anayo.

Mlezi wa Klabu (Morogoro)

Asanteni sana wakuu. Nimeongea na mkuu wa shule leo. Amekubali simu yangu itumike Jumamosi na Jumapili mchana, kwa daftari la kusaini, nimeiba wazo la Ukunda. Insha zote nimezirudisha, nimewaambia sentensi ya kwanza iwe na jina la mahali ambapo mwandishi amewahi kusimama kwa miguu yake. Wamenuna. Fomu nimeisoma, wanaomba kutumia picha kwa mwaka mmoja na jina la mshiriki litakuwepo.

Swali la mwisho, limetoka kwa kijana wa kidato cha kwanza ambaye kwao ni wafugaji: anauliza ng'ombe anaruhusiwa?

Mtoto wa Mawe (Mwanza)

Ng'ombe hapana. Yangeyange aliye mgongoni mwa ng'ombe, ndiyo. Mwambie aende saa ile wanapotoka zizini, ng'ombe wakianza kutembea panzi wanaruka na yangeyange anashuka kuwadaka. Na apige mfululizo, moja moja hampati.