Tupeane uzoefu: Mliyesoma naye akifariki kijana, tumkumbukeje? Rambirambi, kaburi, makaratasi na watoto (Dom na kanda ya kati)

Mwanzisha uzi, Dodoma mjini

Wakuu, grupu zetu za "tuliosoma pamoja" zimeanza kugeuka za misiba, na wanaoondoka ni watu wa miaka thelathini na kitu wenye watoto wadogo. Kila mara ni mbiombio: michango, Kosta, picha za mazishi, baada ya wiki mbili kimya. Wanaozijua kazi hizi watupe taratibu, vipimo na mahali panapoharibika. Habari za marehemu fulani tuwaachie familia zao.

Mweka hazina, Nkuhungu

Mtu mmoja tu ampigie msemaji wa familia, kisha ndipo tangazo liingie kwenye grupu. Kuna ndugu wamejua kifo kwa stetasi ya WhatsApp, hilo halisameheki.

Namba ya kupokelea iwe moja, na tangazo liandike jina litakalotokea mtu akituma. Isiwe namba ya biashara ya mtu. Pesa zikichanganyika na mauzo, hata mwaminifu ataonekana mwizi. Kila jioni bandika orodha: jina, kiasi, jumla, makato. Ahadi zikae orodha yake, wala msizipigie bajeti. M-Koba (mfuko wa kikundi kwenye simu) ni nzuri kwa grupu la kudumu, maana pesa haitoki bila wengine kuidhinisha, ila kwa maziko ya kesho kuwasajili watu kunakula muda.

Sasa lililo kubwa. Gaweni mfuko kabla hamjatia mguu msibani. Kwenye kila 100,000, ushauri wangu ni 50,000 ya rambirambi, 10,000 ya nauli ya wawakilishi, na 40,000 isiguswe hadi arobaini ipite. Kamati ya mazishi ikishasikia wanadarasa wana fungu, bajeti inanenepa: turubai la ziada, video, ng'ombe wa pili. Kabidhini mara moja, iandikwe kwenye daftari la rambirambi kwa jina la darasa na mwaka, piga picha ukurasa huo, basi. Atakayekuja kuomba "nyongeza kidogo" mwambieni fungu lililobaki ni la watoto.

Mdau wa Kondoa

Kwa msiba wa Kiislamu huku kwetu ratiba ni nyingine. Maziko hayangoji; akifariki alfajiri, alasiri mara nyingi ameshazikwa. Kutoka Dom hadi Kondoa mjini ni lami, kama kilomita 155, lakini vijiji vingi viko pembeni na barabara zake mvua ikinyesha ni habari nyingine. Kwa hiyo wa karibu waende na Noah mara moja, wa mbali wajipange kwa hitima au arobaini. Tangu SGR ianze kufika Dodoma 2024, wa Dar na Morogoro wanaweza kupanda asubuhi wakaunganisha gari huku siku hiyohiyo.

Mashada ya maua acheni. Pelekeni mchele, sukari, mafuta ya kupikia, na bahasha. Mjane yuko eda, miezi minne na siku kumi kama hana mimba, kwa hiyo wanaume msimwite nje kwa mazungumzo. Pitieni kwa kaka yake au kwa wanawake wa darasa. Na mambo ya kujengea kaburi kwa vigae yasianzishwe na ninyi, wenyewe wataweka alama wanayoijua.

Mratibu wa safari, Area C

Kosta moja inabeba watu 28 hivi. Mafuta, hesabuni lita 1 kwa kilomita 5 hadi 6, kwenda na kurudi, ongezeni chakula cha dereva. Mpwapwa unakata Mbande, unapita Kongwa. Anayesema "nitawakuta njiani" alipe kabla, la sivyo kiti chake kinalipiwa na wengine. Mengine mnayajua.

Msoma wasifu, Makole

Wanadarasa wakipewa nafasi ya kusema ni dakika tatu. Andikeni, msiropoke. Ukurasa mmoja, herufi kubwa za kusomeka juani: shule, mkondo, mwaka wa kuanza na kumaliza, alikuwa kiranja wa nini, alichokuwa akifanya bwenini ambacho kila mtu atakitambua. Jambo moja dogo la kweli linashinda "alikuwa mcheshi na mpenda watu", ambalo limesomwa kwenye kila msiba tangu tuzaliwe.

Kabla ya kusoma, mpelekeeni mzazi au mwenza. Sababu ya kifo msiiguse kama familia haijaitaja. Mchumba wa sekondari naye abaki sekondari. Picha za zamani za karatasi zipigwe mchana kivulini, bila fleshi, zikiwa zimetolewa kwenye albamu. Ukipiga juu ya nailoni unapata mng'ao badala ya sura. Nyuma andikeni kwa penseli nani ni nani, kutoka kushoto.

Fundi, Chamwino

Kaburi nalijibu mimi, kwa wale ambao familia na imani zao zinaruhusu kujengea.

Msikimbilie. Udongo uliorudishwa shimoni unashuka, na mvua zetu ni msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili hivi. Kaburi la Juni, ukilikanyaga Oktoba ni gumu, kumbe chini kuna mapengo. Mvua kubwa ya kwanza ikiingia, tuta linazama na zege linapasuka katikati. Aliyezikwa Juni ajengewe Mei inayofuata. Familia ikishikilia iwe kwenye arobaini, mwagieni maji na kushindilia siku kadhaa mfululizo, na kuta zikae nje ya shimo, kwenye ardhi ambayo haijachimbwa. Hapo ndipo mafundi wengi wanapoharibu: wanapanga tofali juu ya tuta lenyewe.

Kwa kipimo cha nje cha mita 1.2 kwa 2.4, kozi mbili za tofali za inchi 6 ni tofali 32, chukueni 35 kwa ajili ya kuvunjika. Saruji mifuko 5 ya kilo 50 inatosha msingi, kujengea, bamba la juu la sentimita 10 na plasta. Nondo za milimita 10 ni mbili tu za mita 12: moja itoe vipande 5 vya mita 2.3, nyingine vipande 10 vya mita 1.1, mfunge kwa waya kila sentimita 25 hivi. Nondo zinyanyuliwe kwa vipande vya kokoto, zisilale chini kabisa. Zege la bamba, kwa kila mfuko 1 wa saruji: mchanga ndoo tatu na nusu za lita 20, kokoto ndoo 7, maji yasizidi ndoo moja na robo. Fundi anayeongeza maji ili zege "litembee" anawauzia nyufa.

Halafu kumwagilia. Juni hadi Agosti upepo wa Dom unakausha zege kabla halijashika. Funikeni kwa viroba vilivyolowa, asubuhi na jioni, siku 7. Kijijini maji yanabebwa kwa madumu, kwa hiyo mtafuteni kijana wa hapohapo na mumlipe nusu mwanzo, nusu mwisho. Darasa likiondoka na Kosta jioni ileile bila kuacha mtu wa maji, kazi imekufa.

Mdau, Singida

Fundi, vigae je? Watu wanavipenda.

Fundi, Chamwino

Vinapendeza mwaka wa kwanza. Jua la mchana na baridi ya Julai usiku vinavibandua, hasa vilivyowekwa kwa madonge ya saruji pembeni na katikati kukiwa tupu. Mkivitaka, saruji ienee chini yote, acheni nafasi ya milimita 3 kati ya kigae na kigae. Mimi naona niru safi (saruji laini ya kumalizia) na rangi nyeupe inatosha, ikichakaa mnarudia bila gharama. Maji ya chumvi na mchanga usiooshwa vitawatolea unga mweupe ukutani hata mkipaka rangi mara ngapi.

Jina lichongwe kwenye jiwe, lisiandikwe kwa rangi. Kabla ya kuchonga, maandishi yasomwe na mama au mwenza herufi kwa herufi, na tarehe zilinganishwe na cheti. "Wanadarasa wa 2009" chini yake, mwombe ruhusa. Si kila ukoo unapenda. Makaburi yakiwa ya mjini, pitieni kwa mtendaji wa kata kwanza.

Anayeshughulika na mirathi, Kongwa

Fundi kataja cheti. Kibali cha mazishi kisipotee: kinatolewa hospitalini, na kama kifo kimetokea nyumbani, kwa mtendaji wa kijiji au kata. Kifo kisajiliwe ndani ya siku 30. Cheti ni cha RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na wilayani mnakwenda kwenye ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Baada ya muda huo bado kinapatikana, ila safari na maelezo yanaongezeka.

Kinachokwamisha zaidi ni majina. Cheti cha kidato cha nne kinasema John, kitambulisho cha NIDA kinasema Yohana, kazini kaandikwa kwa jina la babu. Wanadarasa mnafaa sana hapa, mnajua jina la shule na mnayo namba ya mtihani kwenye orodha za zamani. Mpeni msimamizi mapema, ale kiapo cha majina kabla ofisi haijamrudisha.

Kisha kikao cha ukoo chenye muhtasari na saini, halafu mahakama. Mirathi inayofuata mila au Uislamu huanzia Mahakama ya Mwanzo, kwa Fomu namba I. Msimamizi akishateuliwa ana miezi minne ya kurudisha Fomu V ya mali na madeni, kisha Fomu VI ya hesabu za mirathi kwa muda utakaopangwa na mahakama. Wengi wanapata barua ya usimamizi, wanachukua mafao kwenye mifuko ya hifadhi ya jamii, NSSF au PSSSF, hawarudi tena mahakamani. Mjane anakuja kujua akiba imekwisha. Darasa lisiwe msimamizi wala lisichague upande. Lipieni nauli, fotokopi, na mtu wa kumsindikiza mjane akiogopa ofisi. Inatosha, na ni msaada mkubwa kuliko turubai.

Mwalimu, Mpwapwa

Kwa watoto, msiahidi "ada". Shule za serikali ada ilifutwa hadi kidato cha nne 2016, na cha tano na sita 2022. Kinachomtoa mtoto darasani ni sare, viatu, madaftari, mchango wa chakula na hosteli. Lipeni moja kwa moja kwa fundi cherehani na shuleni, mchukue risiti, mlezi apewe nakala. Vipimo vichukuliwe Desemba, shule inafunguliwa Januari. Ahidini mwaka mmoja mmoja. Ahadi ya "hadi chuo kikuu" huwa inakufa kabla ya kidato cha pili.

Nakala mbili za cheti cha kifo zikae kwa watu tofauti. Siku mtoto akiomba mkopo wa elimu ya juu wa HESLB (Bodi ya Mikopo) kama yatima, cheti hicho lazima kihakikiwe RITA, na kama jina la mzazi halifanani na lililo kwenye cheti cha kuzaliwa cha mtoto, anakwama. Kilinganisheni sasa, angali darasa la pili.

Mkitaka kuacha kitu shuleni kwa jina la marehemu, pitieni kwa mkuu wa shule na bodi, kikaandikwe kwenye leja. Meza na viti vinavyotumika ni bora kuliko ngao ya ukutani. Vitabu muulizeni kwanza mwalimu wa somo, maana mitaala inabadilika na vya zamani vitaishia stoo.