Mjadala: Konstantino anasingiziwa, kanisa liligeuka mwaka 380

Wakuu salamu. Kila ikitajwa historia ya kanisa watu wanagawanyika pande mbili, huku wanasema kanisa liliharibika siku Konstantino, mfalme wa Roma, alipolikumbatia, kule wanasema hapana, kilichobadilisha kila kitu ni Luther na hoja zake 95 za mwaka 1517. Mimi nasema wote mnairuka tarehe yenyewe, nayo ni 27 Februari 380, siku dola la Roma lilipoamuru raia wote wafuate imani moja.

Twende taratibu. Mwaka 303 mfalme wa Roma Diokletian anaanzisha mateso makubwa ya Wakristo, makanisa yanabomolewa, maandiko yanachomwa moto, watu wanauawa. Mtawala mwenzake Galerius, ambaye alikuwa mchochezi mkubwa wa hayo yote, mwaka 311 akiwa mgonjwa wa kufa anasalimu amri, anawaruhusu Wakristo waabudu na anawataka wamuombee na yeye. Mwaka 313 Konstantino na mtawala mwenzake Licinius wanakubaliana Milan kwamba kila mtu aabudu anavyotaka, Mkristo na asiye Mkristo, na mali za kanisa zilizochukuliwa zirudishwe. Sasa hapo kosa liko wapi jamani? Watu wametoka kuzika ndugu zao halafu tuwalaumu kwa kufurahia amani?

Na hii habari ya kwamba Konstantino ndiye alichagua vitabu vya Biblia pale Nikea mwaka 325 naomba tuachane nayo kabisa. Nikea walijadili mafundisho ya Ario, padri aliyesema Kristo aliumbwa na Mungu, wakajadili tarehe ya Pasaka na kanuni za nidhamu, basi. Orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya kama tulivyonavyo leo tunaikuta kwenye barua ya Atanasi, askofu wa Aleksandria, ya mwaka 367, wakati huo Konstantino ana miaka 30 kaburini. Wala hakuufanya Ukristo kuwa dini ya dola, yeye mwenyewe alibatizwa mwaka 337 akiwa anakaribia kufa.

Simsafishi. Ni yeye aliyeitisha Nikea kisha akampeleka Ario uhamishoni, na kule Afrika Kaskazini alijaribu kutumia nguvu kwa Wadonati, Wakristo waliojitenga na kanisa kubwa, hadi mwaka 321 alipoacha. Mlango aliufungua. Baadaye wajumbe wa mwanawe, Konstans, walipofika huko, Donato, kiongozi wa Wadonati, akawauliza, "Mfalme ana nini na kanisa?" Swali zito sana lile, na ajabu ni kwamba lilitoka kwa watu ambao kanisa kubwa liliwaita waasi.

Sasa mwaka 380 mfalme wa Roma Theodosius na watawala wenzake wanatoa amri kwamba raia wote wafuate imani ya Utatu kama inavyofundishwa na maaskofu wa Roma na Aleksandria, na wasiofuata ni wazushi, watapigwa na Mungu kwanza halafu na dola. Hiyo ndiyo sentensi iliyogeuza kila kitu. Haikupita hata miaka sita, Priscillian, askofu wa Ávila, akauawa Trier kwa amri ya mfalme Maximus, mashtaka ni uchawi lakini waliompeleka huko ni maaskofu wenzake waliomwita mzushi. Kumbukeni tangu 303 hapakuwa pamepita miaka 90, yaani mtoto aliyezaliwa kwenye mateso angeweza kuwa hai akaona Wakristo wanamuua Mkristo!

Najua mtasema bila dola Injili isingefika mbali. Si kweli. Angalieni Kanisa la Mashariki kule Uajemi, halikuwahi kuwa na mfalme wake, tena Shapur II aliwatesa vibaya waumini wake kwa sababu dini yao ilionekana ni ya adui yake Mrumi, kwa hiyo ile ndoa ya kanisa na Roma iliwaponza Wakristo wa nje. Pamoja na hayo mwaka 635 mtumishi wao Alopen alikuwa tayari ameshafika Chang'an, China. Huko nako walipewa ruhusa na mfalme, na mwaka 845 mfalme mwingine akaifuta.

Kuhusu Luther, nakubali alitikisa mengi, ila hili hakuligusa. Januari 1527 Zürich, mji wa wanamatengenezo, yaani Waprotestanti, walimzamisha Felix Manz mtoni kwa sababu ya kubatiza upya watu wazima waliobatizwa utotoni. Mwaka 1555 Augsburg Wakatoliki na Walutheri wakakubaliana kwamba dini ya mtawala ndiyo dini ya watu wake, yaani ni mwaka 380 uleule, wamegawana mipaka tu.

Askofu Martino wa Tours, ambaye hakuwa mfuasi wa Priscillian hata kidogo, alimsihi Maximus asimwage damu, akasema inatosha maaskofu kumtenga kwenye kanisa. Kwa hiyo anayesema amri ya 380 ilikuwa baraka anijibu hili moja, Martino alikosea wapi?