Nataka kununua Canon PowerShot A720 IS ya mtumba kwa picha za ziwani na Gombe, mliowahi kumiliki kamera ndogo naomba uzoefu

boti_kibirizi

Habari za muda huu wakuu, poleni na majukumu. Niko hapa Kigoma, kazi yangu ni boti, nabeba wageni kutoka Kibirizi kwenda Gombe na wengine wanataka tu kuzunguka ziwani jioni. Wageni wengi wananiomba niwapige picha na mi mwenyewe nataka nianze kuwa na picha zangu za kuweka kwenye ukurasa wa biashara maana kuchukua picha za watu wengine sipendi, sio haki. Simu yangu kitu kikiwa karibu inapiga vizuri ila sokwe akiwa juu ya mti ukivuta unabaki na kitu cheusi hakina sura wala macho.

Sasa kuna jamaa pale Mwanga anauza Canon PowerShot A720 IS, ni ya zamani, toleo la 2007, megapikseli 8, lenzi inavuta mara 6 na inatumia betri mbili za AA. Anataka laki na ishirini ila mazungumzo yapo. Naomba kwa aliyewahi kuwa nayo au nyingine ya aina hiyo anieleze, juani inaonekanaje, betri inakaa, memori kadi inachukua ya ukubwa gani, na je kwa mwaka huu bado ina maana au nitakuwa natupa hela. Natanguliza shukrani.

kijana_wa_reli

Mkuu ongeza hela nunua simu nzuri, kamera za hivyo zilishapitwa. Megapikseli 8 saivi hata simu ya laki mbili inazidi.

mama_pasipoti_ujiji

Mdogo wangu karibu. Hiyo hiyo A720 IS ninayo hapa Ujiji, natumia kwa picha za pasipoti na shughuli ndogondogo za mtaani, na japo nilishanunua kubwa hii sijaiuza wala sina mpango huo. Nitakujibu nikifikiria zaidi mazingira yako ya maji.

Kwanza lile tundu la kuchungulia lililo juu ya kioo. Watu hawalitaji kabisa na kwako wewe ndo jambo la kwanza. Kamera ndogo nyingi zilizokuja baadaye hazina, una kioo cha nyuma basi, na unajua jua la saa sita linavyopiga kwenye maji, kioo chote kinakuwa cheupe unapiga kwa kubahatisha tu. Hii unaweka jicho kwenye tundu unamwona mtu, unaiona boti, unabonyeza. Tundu halionyeshi eneo lote ambalo lenzi inalichukua kwa hiyo kwenye picha pembeni kutakuwa na ziada kidogo, na kitu kikiwa karibu sana tundu na lenzi havilingani, hapo rudi kwenye kioo. Kwa mbali halina shida yoyote. Halafu ukizima kioo betri inadumu zaidi.

Kuhusu betri, zile za bei rahisi za redio achana nazo. Tafuta za kuchaji zilizoandikwa NiMH, milliampia 2000 kwenda juu. Zina volti 1.2 wakati za kawaida ni 1.5 na watu wanazidharau kwa hilo, lakini kamera inavuta umeme mwingi kwa mkupuo mmoja, lenzi ikitoka na flashi ikijaa, NiMH inautoa huo umeme bila kuporomoka ila betri dhaifu inaporomoka na kamera inakwambia imeisha wakati ukiihamishia kwenye redio inaimba vizuri tu. Nunua seti mbili, moja kwenye kamera moja mfukoni. Na ukikwama kijijini huko kandokando ya ziwa AA utaipata kwenye kiduka chochote, sasa zile betri za umbo lake maalum huko utamkuta nani anauza.

Kingine ni mwanga na hapa naomba usome taratibu. Kamera haijui inaangalia nini, yenyewe inachukua wastani wa mwanga wa kila kitu mbele yake. Ukienda Katonga ukapiga dagaa walioanikwa, mchana jua kali, wale dagaa wanang'aa kuliko vitu vinavyowazunguka, picha ukiiacha otomatiki unaweza kupata mng'ao mtupu sehemu nyingine hata huwezi kutofautisha dagaa mmoja na mwenzake. Zungusha kile kidude cha juu weka P, bonyeza FUNC, tafuta alama ya kujumlisha na kutoa, shusha kidogo, theluthi mbili hivi. Utaanza kuona mgongo wa dagaa na mstari wa ubavuni na hata jicho lake. Sokwe ni kinyume, akiwa juu ya tawi na nyuma yake ni anga kamera inaona anga jeupe inatia giza picha nzima, uso wa mnyama unapotea. Pandisha mpaka moja kamili, anga liache liungue libaki jeupe tupu, anayetafutwa ni sokwe. Ila akiwa chini kwenye majani na amejaa kwenye picha yote ule weusi wake unaidanganya kamera inazidisha mwanga anakuwa wa kijivu, hapo shusha tena kidogo.

Na flashi Gombe zima kabisa, hairuhusiwi kwa wale wanyama, najua unalijua hilo ila kamera ukiiweka kwenye otomatiki msituni kwenye giza inaweza kuwasha yenyewe.

boti_kibirizi

Shikamoo mama, asante sana yaani nimesoma mara mbili. Hilo la sokwe kuwa kijivu nimeshaliona kwenye picha za wageni nilikuwa nadhani ni ukungu wa asubuhi.

Mnyamwezi_Ipuli

Wakuu salama, mi niko Tabora. @kijana_wa_reli ngoja nikusaidie kwenye hesabu ndugu yangu bila ugomvi. Simu yenye lenzi moja ukivuta mara 4 haivuti chochote, inakata picha katikati halafu inaikuza. Inabaki na robo ya upana na robo ya urefu maana yake moja ya kumi na sita ya picha. Kama ilikuwa megapikseli 12 unabakiwa na robo tatu ya megapikseli moja. Hiyo Canon hata ikivuta mpaka mwisho vioo vyenyewe ndo vinasogea, megapikseli 8 zote zinabaki. Kuna simu za bei kubwa zina lenzi ya pili ya kuvuta kweli, hizo sawa, ila bei yake jamaa ananunua na injini ndogo ya boti.

Mimi ninayo Sony Cyber-shot W830, ya 2014. Lenzi inavuta mara 8 na uzito wake ni kama gramu 120 tu, inakaa mfuko wa shati hata usijue umebeba. Nilichoipendea mimi inachaji kwa waya wa USB, betri ikiwa humo humo ndani ya kamera, kwa hiyo umeme ukikatika naichomeka kwenye pawabanki au kwenye sola. Nazunguka nayo kwa wafuga nyuki huko misituni, mizinga iko juu ya miti na nyuki ukisogea wanakasirika, nasimama mbali navuta napata mzinga wote na mtu anayepanda na moshi wake.

Ila nikuambie ukweli, kwenye sendoff usiku ukumbini usitegemee makubwa. Kamera hizi zote za sensa ndogo, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, haijalishi jina, sensa yake haifiki hata milimita 7 upana, mwanga ukipungua inapandisha ISO, yaani ukali wa kuhisi mwanga, na picha inajaa chenga. Flashi nayo ikizidi mita tatu hivi haifiki, utapata watu wa meza ya mbele tu wa nyuma wote giza. ISO mwisho 400, ukivuka hapo uwe una sababu. Na kule msituni Gombe asubuhi itakusumbua hilo hilo, kile kitu cha kutuliza mtikisiko kwenye A720, hiyo IS, kinasaidia mkono wako ukitetemeka ila sokwe akiruka hakimsimamishi. Subiri atulie, wakiwa wanachambuana chawa wanakaa muda mrefu.

Hiyo W830 haina tundu la kuchungulia kwa hiyo kwa ziwani namuunga mkono mama.

mzamiaji_kgm

Habari kaka boti_kibirizi, nadhani tunafahamiana kwa sura hapo Kibirizi. Mimi naongezea upande wa maji maana nimeona hakuna aliyegusa. Kamera kama hiyo Canon haina kinga yoyote ya maji, wimbi moja la mchana upepo ukivuma na iko shingoni basi. Mimi natumia Olympus Tough TG-6 ya 2019, inazama mpaka mita 15 bila mfuko wowote, na ukiidondosha kutoka urefu wa mita 2 imetengenezwa kuhimili. Wale samaki wadogo wa rangi rangi wa kwenye mawe, wenye asili ya Tanganyika peke yake, nawapiga hapo Jakobsen na maji yalivyo safi unamwona mpaka mapezi. Ina namna ya kufokasi kitu kikiwa sentimita 1 tu kutoka kwenye lenzi, nimepiga mayai ya samaki kwenye jiwe unayahesabu.

Bei yake sasa ni nyingine kabisa, hiyo laki na ishirini haifiki hata nusu ya nusu. Olympus wenyewe waliuza kitengo cha kamera, siku hizi zinatoka kwa jina la OM System na kuna TG-7 ya 2023. Nakueleza ili ujue ipo kama siku moja wageni wa kuogelea wakiongezeka.

Ukiwa nayo au hata ukinunua nyingine ya kuzama, adui sio maji ni mchanga. Ule mlango wa betri una raba inayozunguka, punje moja ya mchanga au unywele ukilala pale juu maji yanaingia. Kila ukifungua futa raba kwa kitambaa laini kikavu, iangalie kwenye mwanga, na usifungue ukiwa ufukweni upepo unavuma. Maji yetu hayana chumvi kwa hiyo hapo tuna nafuu kuliko watu wa pwani, ila bado suuza kwa maji ya bomba.

Kwa Canon yako nunua lile begi la plastiki la kuzuia maji la kukunja mdomo, kamera ikae humo mpaka wakati wa kupiga.

fundi_mwanga

Mchanga ndo unaua hizi kamera jamani, nafungua nyingi. Lenzi inatoka kwa mabomba yanayoingiana, punje ikikaa katikati inakwama, kamera inaandika kosa la lenzi inazima. Ya kwangu ya kwanza, kampuni siitaji, ilikufa hivyo hivyo na kifaa cha kubadilisha hakikupatikana maana kampuni nyingi zilishaachana na kamera hizi ndogo, Casio kwa mfano walitoka 2018. Kwa hiyo ya mtumba ukiinunua chukulia kwamba spea hamna, kinachotakiwa ni kuikagua vizuri kabla hela haijatoka.

Nenda na betri zako mpya za AA, usitumie za muuzaji. Iwashe uizime mara kadhaa na sikio karibu, lenzi itoke kwa mlio mmoja laini, ukisikia inakwaruza au inatoka kwa kusita acha. Vuta mpaka mwisho rudisha. Angalia kijino kinachoshika mlango wa betri, kwenye kamera za AA hicho ndo huvunjika kwanza kwa sababu betri zinakisukuma kwa springi muda wote, kikivunjika utaanza kufunga na mpira. Kisha piga ukuta mweupe au anga ikiwa imevutwa mpaka mwisho, ikuze kwenye kioo uikague, kama kuna doa jeusi sehemu ile ile kila picha kuna uchafu umeingia ndani. Mulika tochi ya simu kwenye lenzi, ukiona kama utando wa buibui ndani ni fangasi, unyevu wa ziwa unaleta sana hiyo, usinunue hata kwa elfu hamsini. Kaitunze kwenye kopo linalofunga na vile vipakiti vinavyokuja kwenye viatu vipya. Mchele usiweke, una vumbi lake.

Memori kadi inakubali SD na SDHC, yaani mwisho GB 32, ya 64 ni aina nyingine haitakubali. Wewe GB 4 tu inabeba zaidi ya picha elfu moja kwa megapikseli 8. Na kadi feki ni nyingi, imeandikwa 32 ndani ni 4, inaendelea kupokea picha na zile za mwisho zote zinakuwa zimeharibika. Kuna programu ya bure inaitwa H2testw unaiweka kwenye kompyuta inaijaza kadi yote na kuisoma tena, ipime kabla hujaenda nayo kazini kwa wageni.

boti_kibirizi

Wakuu mmenisaidia kuliko nilivyotegemea. Kesho asubuhi naenda Mwanga na betri zangu, nitamwomba jamaa tutoke nje juani nijaribu hilo tundu na ule ukuta wa msikiti ni mweupe nitaupiga. Swali la mwisho, picha nitazitoaje kwenda kwenye simu maana kompyuta sina, na wageni wanataka picha zao kabla hawajapanda treni au ndege.

Mnyamwezi_Ipuli

Nunua kisoma kadi cha OTG kaka, kile kidogo chenye tundu la SD upande mmoja na upande wa pili kinaingia kwenye simu. Angalia simu yako ni ya tundu gani, la zamani au USB-C. Unachomoa kadi kwenye kamera ikiwa imezimwa, unachomeka, picha zinaonekana kama folda inaitwa DCIM, unachagua unawatumia. Ukituma WhatsApp tuma kama dokumenti, ukituma kama picha inapunguzwa ubora na hiyo kazi yote ya lenzi inapotea.

mama_pasipoti_ujiji

Na weka tarehe na saa sahihi kwenye kamera siku hiyo hiyo ya kwanza, ikiwa inajirudisha nyuma kila ukitoa betri kuna kabetri kadogo ka saa kameisha, mwambie muuzaji apunguze bei. Kila mgeni akidai picha zake unatafuta kwa tarehe ya safari. Utuwekee hapa moja ukishapiga.