Falsafa ya utangulizi: nitajuaje swali hili ni la metafizikia na lile ni la epistemolojia?

Wa_Shangani
Habari za jioni wakuu. Nipo mwaka wa kwanza ualimu hapa Mtwara. Fasili za matawi nimezishika: metafizikia inahusu uhalisia, epistemolojia maarifa, aksiolojia thamani, mantiki hoja. Nikipewa kisa ndipo napotea. Kwenye zoezi tumepewa mifupa ya mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria aliyechimbwa Lindi na kiunzi chake kipo Berlin, Ujerumani; kila tawi tulitungie swali moja. Nimeandika "Mjusi aliishi miaka mingapi iliyopita?" nikaiita epistemolojia, nikapigwa X. "Ana urefu gani?" nikaiita metafizikia kwa kuwa urefu ni kitu halisi, X nyingine. Naomba njia, fasili ninazo tele.

Mzee_Mikindani
X zako ni za haki, mwanangu. Unaangalia swali linahusu nini. Angalia kitu gani kikiletwa mezani swali litakwisha.

Umri wa ile mifupa unajibiwa na wanajiolojia kwa kusoma tabaka za miamba: kiasi cha miaka milioni 150. Urefu unajibiwa kwa kipimo: kiunzi kilichosimamishwa Berlin kina mita 13.27 kwenda juu. Kwisha habari. Hayo ni maswali ya sayansi, na kuyaita ya falsafa ndilo kosa la kwanza la kila anayeanza. Falsafa inaingia pale vipimo vyote vimeshaletwa na watu wenye akili zao bado wanabishana.

Sasa kichukue kisa chenyewe. Wajerumani walichimba Tendaguru, kaskazini magharibi mwa mji wa Lindi, kuanzia 1909 hadi 1913. Wapagazi wakaibeba mifupa kwa miguu mpaka bandari ya Lindi, ikapakiwa melini. Kiunzi kikubwa kilisimamishwa Berlin mwaka 1937, na hapa ndipo patamu: hakikutoka kwa mnyama mmoja. Ni mifupa ya wanyama kadhaa wa aina moja, na palipokosekana mfupa pakajazwa wa kutengenezwa.

Uliza basi: "Kile kilichosimama Berlin ni mnyama mmoja?" Tuseme wenye jumba la makumbusho wanajua mfupa upi umetoka shimo lipi. Hakuna taarifa inayokosekana, na swali bado lipo, kwa sababu tunachobishania ni nini hasa hukifanya kitu kiwe *kimoja*. Hiyo ni metafizikia. Ni ndugu wa swali la jahazi: fundi akibadilisha ubao mmoja leo, mwingine mwakani, mpaka hakuna ubao wa zamani uliobaki, jahazi ni lile lile? Na mtu akiziokota zile mbao kuukuu akaunda jahazi la pili, lipi ndilo la mwanzo? Wagiriki walilibishania hilo zamani, na hilo la mbao kuokotwa aliliongeza Thomas Hobbes wa Uingereza karne ya 17.

Kwa epistemolojia usiulize umri. Uliza: "Kwa kuuona mfupa wa paja peke yake, tuna haki gani ya kudai tunajua mnyama mzima alivyokuwa?" Hapo unapima daraja kati ya ushahidi na dai.

Aksiolojia ina vyumba viwili. Maadili: "Nani ana haki na mifupa hii?" Ujumi: "Mfupa wa kutengenezwa unapunguza uzuri wa kiunzi?" Wanafunzi wengi hukisahau hiki cha pili.

(Tunasema "mjusi" kwa mazoea tu. Dinosaria hawamo katika ukoo wa mijusi. Kwenye karatasi andika dinosaria.)

Korosho_na_Hoja
Mzee kamaliza, ila mantiki kairuka, na ndiyo inayoangusha wengi. Mantiki haina mada yake yenyewe, ndugu yangu. Kazi yake ni kukagua kama hitimisho linatoka kweli kwenye kauli zilizotangulia. Usichanganye mambo mawili: muundo wa hoja, na ukweli wa kauli zake. Tazama:

Miji yote ya mkoa wa Mtwara iko pwani. Masasi ni mji wa mkoa wa Mtwara. Kwa hiyo Masasi iko pwani.

Muundo ni safi kabisa. Ungekubali kauli mbili za mwanzo, ya tatu huikwepi. Kilichoharibika ni kauli ya kwanza, ni uongo. Geuza sasa:

Kila bandari ya bahari iko pwani. Mtwara iko pwani. Kwa hiyo Mtwara ni bandari.

Kauli zote tatu ni kweli, na hoja ni mbovu! Jaribio lake ni hili: acha muundo ulivyo, badilisha jina. Weka Msimbati mahali pa Mtwara. Kauli mbili za kwanza zinabaki kweli, hitimisho linakuwa uongo, kwa sababu Msimbati ina ufukwe, haina bandari. Ukipata badala moja tu ya namna hiyo, muundo umekufa. Ghalani kosa hili lipo kila msimu: "Korosho za daraja la kwanza zimekauka vizuri, hizi zimekauka vizuri, basi ni daraja la kwanza." Zinaweza kuwa zimekauka na bado zimetobolewa na wadudu.

Binti_Newala
Naongeza kwenye epistemolojia, maana mtaulizwa tu. Fasili ya kale, inayojadiliwa tangu Plato, ni kwamba kujua ni kuamini jambo, jambo lenyewe liwe kweli, na uwe na sababu nzuri ya kuliamini. Mwaka 1963 mwanafalsafa Edmund Gettier alichapisha makala ya kurasa tatu tu akaonyesha kwamba hayo matatu hayatoshi. Mfano wa huku kwetu: mkulima anapata ujumbe wa simu kuwa fedha za korosho zimeingia akaunti yake. Anaamini, na sababu anayo. Kumbe ujumbe ulikuwa wa mtu mwingine, namba ilikosewa. Lakini dakika ile ile fedha zake nazo zilikuwa zimeingia, ujumbe wake umechelewa. Ameamini, ni kweli, sababu anayo. Alijua, au alibahatisha?

Kwenye mtihani usiandike kwamba Gettier alisema maarifa hayawezekani. Hakusema. Alisema fasili ina tundu.

Wa_Shangani
Shukrani sana, Mzee, kaka na dada. Najaribu la maadili: "Wajerumani ndio waliogharamia uchimbaji, kwa hiyo mifupa inapaswa kubaki Berlin." Hili nimelipanga maadili. Nimepatia?

Mzee_Mikindani
Mada ni ya maadili, ila ulichoandika si swali, ni hoja, na ina pengo. Mwanafalsafa David Hume alilisemea katika kazi yake ya 1739 hadi 1740: watu huanza na "iko hivi", ghafla wako kwenye "inapaswa kuwa hivi", bila kusema wamevukaje. Kauli yako ya kwanza ni ya historia. Ya pili ni ya wajibu. Katikati pana kauli umeimeza.

Fanya hivi. Kwanza itoe iliyomezwa uiandike: "Anayegharamia uchimbaji wa kitu ndiye mwenye haki nacho." Sasa muundo umekaa. Pili, ijaribu mahali pengine: ukilipa vibarua wakachimbe muhogo kwenye shamba la jirani, muhogo umekuwa wako? Hapana. Basi kauli hiyo, ilivyo sasa, haisimami, na anayetaka mifupa ibaki atafute nyingine, labda ya utunzaji au ya faida kwa sayansi, nayo ipitishwe kwenye jaribio hilo hilo.

Na usishangilie mapema. Kuvunja hoja ya kubaki hakujathibitisha kwamba irudi. Anayesema "ilitoka Lindi, kwa hiyo irudi Lindi" naye ameruka kutoka "iko" hadi "inapaswa".

Wa_Shangani
Kwa hiyo naye anadaiwa kauli ya katikati?

Korosho_na_Hoja
Anadaiwa. Iandike wewe, halafu tafuta muhogo wa kuijaribia.