Yule fundi wenu wa kunyanyua magari: leo kirikuu kimenipita Kitonga na nikakaribishwa chungwa

Mkonga Mweusi:

Wakuu, naandika nikiwa nimeegesha Ilula, boneti iko wazi, injini inatoa joto la tanuri la matofali na mikono bado inanitetemeka. Jina simtaji. Mnamjua. Ni huyohuyo mnayemsifia humu kila wiki kwa picha za magari yaliyosimama kama twiga, huyohuyo anayepokea simu kwa kusema "sema bosi langu" kabla hata hajajua anaongea na nani.

Leo saa nane mchana, mlima Kitonga, nimepitwa na kirikuu.

Someni tena. Kirikuu. Kagari ka cc 660, matairi kama ya toroli. Mimi nina Land Cruiser mkonga, injini ya dizeli ya 1HZ, cc 4,164, silinda sita. Injini yangu ukiiyeyusha unatoa injini za kirikuu sita na chuma cha kufulia jembe kinabaki.

Na si kwamba kilipita vuu nikasahau. Kilikuwa kinanipita kidole kwa kidole. Nyuma kimebeba matenga matupu ya kwenda kupakia nyanya huku Ilula, na juu ya matenga kakaa kijana anamenya chungwa. Alipofika usawa wa taa zangu za nyuma ndiyo kwanza anaanza kumenya. Alipofika usawa wa dirisha langu ganda lote limeshatoka, refu, zima, halijakatika popote. Akalitupa. Akamega. Akanitazama usoni, akaninyooshea kipande, akasema: "Karibu, mzee."

Nina miaka 37.

Wakati huo niko gia ya pili, mguu umezamisha pedeli hadi kwenye kapeti, nyuma natoa moshi mweusi kama treni ya Mjerumani, spidi mita inasoma 25. Kijana anakula chungwa. Ananikaribisha.

Sasa huyo fundi wenu. Mwezi Machi nilimpelekea gari zima, halina hata bati linalogonga. Nalima mpunga Kilombero, masika ikikolea tope jeusi la kule linameza trekta, kwa hiyo nilitaka gari liinuke. Akatoa matairi yangu ya 265/75R16, akafunga ya inchi 35, yale ya matope yenye meno kama ya mamba. Akabadilisha springi na shokapu. Akaweka bampa la chuma, wichi, ngazi, keria la juu na hema juu ya keria. Nikamuuliza mara tatu, tena mbele ya mdogo wangu: barabarani halitakuwa zito? Akapiga kofi boneti: "Bosi langu, 1HZ hii inavuta nyumba. Hutasikia tofauti."

Tofauti nimeisikia kabla sijamaliza Kimara. Gia ya tano imekuwa pambo, ukiiweka gari linapumua kama mgonjwa na mwendo unashuka wenyewe. Matairi yanaunguruma, mke wangu alidhani tuna mzinga wa nyuki chini ya siti. Upepo ukipiga lile hema unahisi mtu kakushika shati kwa nyuma. Breki unakanyaga leo, gari linasimama kesho. Na kabla ya Mikumi nimelipa 30,000 ya tochi: mimi naangalia spidi mita, 50 kamili, mshale haujatikisika, afande ananionyesha 55. Nikabishana naye kwa nguvu zote. Yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Nimeaibika mbele ya watoto.

Yote hayo ningeyasamehe. Chungwa siwezi.

Nimempigia simu nikiwa hapahapa. Nimemsimulia kila kitu, hadi matenga. Akacheka mpaka akakohoa. Halafu, nanukuu: "Bosi langu, uliniomba urefu. Mwendo hukuomba." Akakata.

Milioni saba nimempa mtu huyo. Kwenye tope sikatai, gari ni simba, nimeshavuta nalo fuso mbili. Lakini tope nalikuta siku ngapi kwa mwaka? Siku zote nyingine niko kwenye lami kama binadamu wengine, nabebwa na gari linalonyooshewa chungwa. Mwenye gari kwake alitoe leo, lisilale.

Kile kipande kilikuwa na mbegu mbili. Niliziona.

Siti ya Mbele:

Ulipokea au hukupokea? Tuanzie hapo.

Maganda:

Chai hii, tuletee na vitafunwa. Kirikuu kipite mkonga Kitonga? Tena pale hakuna kuovateki, mstari ni mzima na malori yanashuka. Mkuu sema ukweli, ulikuwa umeegesha.

Mkonga Mweusi:

Sikuegesha! Nilisogea kushoto kabisa kuruhusu basi lipite, kirikuu kikaungia nyuma ya basi.

Maganda:

Kwa hiyo na basi lilikupita.

Siti ya Mbele:

Hahahaa uzi umenoga. Wangapi wengine walikupita, mkuu? Tupe orodha kamili, usitubanie.

Gereji ya Mzee:

Pole kijana. Waache wacheke, nikueleze kilichokupata.

Tairi lako la kwanza lilikuwa na kimo cha milimita 804 hivi. La inchi 35 ni 889. Hilo ni ongezeko la karibu asilimia 11, maana yake kila gia yako imerefuka kiasi hicho bila mtu kugusa gia boksi. Kama difu yako, yaani gia za kwenye ekseli zinazozungusha magurudumu, ni 4.10, sasa hivi inafanya kazi kama 3.70. Nguvu inayofika pale tairi linapogusa lami imepungua kama sehemu moja ya kumi, hapo sijaweka bampa, wichi na hilo hema. 1HZ haina turbo, inatoa mvuto wake mzuri karibu na mizunguko 2,200 kwa dakika. Mlimani ukiwa gia ya tatu unaanguka chini ya hapo, gari linakufa mikononi mwako. Ukirudi ya pili injini inalia na mwendo hakuna. Ndipo alipokukuta yule wa chungwa.

Halafu kuna uzito unaozunguka. Kilo kumi ukiziweka kwenye buti unazibeba tu. Ukiziweka kwenye gurudumu, injini inazibeba na inazizungusha, na breki nazo zina kazi ya kuzisimamisha. Ongeza na mwinuko: injini inayovuta hewa bila turbo hupoteza nguvu kama asilimia 1 kwa kila mita 100 unazopanda, na Iringa mjini ni mita 1,500 na ushee. Kirikuu nacho kinapoteza, lakini kilikuwa kitupu.

Spidi mita inahesabu mizunguko, haijui kama tairi limekua. 50 yako ni 55. Afande hakukuonea.

Dawa ziko mbili. Rudi inchi 33 nyembamba na ushushe hilo keria, au badilisha difu zote mbili, mbele na nyuma, uweke 4.56. Ukibadilisha ya nyuma peke yake, siku ukifunga foo wili utavunja kitu. Fundi aliyekufungia 35 bila kukutajia difu, huyo alikuuzia nusu ya kazi.

Mkonga Mweusi:

Mzee wangu, shikamoo. Umesikia wakuu? NUSU YA KAZI. Neno difu halikutoka mdomoni mwake hata mara moja. Alitaja nyumba. "Inavuta nyumba." Ningekuwa na nyumba nyuma ningeelewa kwa nini yule kijana alipata muda wa kumenya lote bila ganda kukatika.

Mama Virikuu:

Kijana alikuwa na fulana ya njano na kofia ya sufi?

Mkonga Mweusi:

Ndiyo. Kwa nini?

Mama Virikuu:

Huyo ni wangu. Nina kirikuu mbili zinapiga nyanya, Ilula kwenda Ruaha Mbuyuni, hadi Mikumi siku nyingine. Kwanza pole baba. Pili, yule mtoto nimemlea mwenyewe na nimemfundisha kwamba ukiwa unakula ukakutana na macho ya mtu, unamkaribisha. Hakukutukana. Angekula peke yake huku anakutazama, hapo ungekuwa na haki ya kufungua uzi.

Siti ya Mbele:

Mama kamaliza. Funga uzi.

Mkonga Mweusi:

Mama, sina ugomvi na kijana wako, adabu anayo na nimekubali. Ugomvi wangu ni na fundi. Lakini hiyo "mzee" ameitoa wapi?

Mama Virikuu:

Gari lako linatembea kizee, mwanangu. Na mimi nina langu: mnanunua magari ya milioni themanini halafu mnayafunga mataa juu kama uwanja wa mpira. Usiku mnatupofusha. Juzi dereva wangu kaingia mtaroni kwa ajili ya taa za mmoja wenu, matenga kumi na nne ya nyanya yakawa tomato sosi. Nani alifungua uzi kwa ajili yangu?

Dereva wa Tunduma:

Ninyi mnaongelea chungwa. Mimi napanda Kitonga na tani 30 mgongoni, gia ya kwanza, dakika moja naona jiwe lilelile. Nikitazama kioo kuna Noah tano zimenibana, mwisho zinachomoka zote pamoja kwenye kona. Hao ndio wa kuwafungulia uzi. Mwenye mkonga bora alisogea kushoto, muungwana huyo.

Jirani wa Naivasha:

Poleni majirani. Hata huku tuna huyo fundi, nadhani ni ndugu yao. Niliweka 33 kwa Prado yangu, akaniambia "hutafeel kitu boss". Sasa nikipanda kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru, matatu ya abiria kumi na wanne inanipita na makanga akiwa amening'inia mlangoni ananipigia saluti. Kila siku. Bibi yangu amekataa kupanda hiyo gari, anasema afadhali basi.

Mkonga Mweusi:

Saluti ni heshima, ndugu yangu. Mimi nilinyooshewa chakula.

Turbo Mtoto:

Wakuu mnazunguka bure. Funga turbo, ongeza dizeli kwenye pampu, kirikuu utakisahau. Nina mtu wa kazi hiyo, njoo inboksi.

Gereji ya Mzee:

Asije. 1HZ haikutengenezwa na turbo kiwandani, dizeli yake inaanza kuwaka kwenye vyumba vidogo ndani ya silinda hedi, na joto la pale ukiliongeza ovyo hedi inapasuka. Kuna watu wamefunga wakadumu, lakini waliweka kipimo cha joto la ekzosi, wakaweka intakula ya kupoza hewa ya turbo na hawakuwa na pupa ya kufungulia pampu. Huyu mwenzetu ana tairi refu na mzigo juu. Mlima uleule, mguu umezama uleule, atapasua hedi kabla hajafika Ilula. Aanze na difu.

Turbo Mtoto:

Mzee unatuharibia biashara.

Bobea wa Lita:

Mkuu, mafuta inakula ngapi? Maana mimi yangu imekuwa pipa lenye tundu.

Mkonga Mweusi:

Nimeshachoma lita 85 na Iringa sijaiona. Na mita inaniambia nimetembea kilomita 405 tu, wakati kila mtu anajua Dar hadi Ilula inazidi hapo.

Bobea wa Lita:

Usipige hesabu kwa mita hiyo, nayo inahesabu mizunguko ya tairi. Ongeza asilimia 11: 405 yako ni karibu 450. Inakula lita 19 kwa kilomita mia, si 21. Umeokoa lita mbili ukiwa umekaa.

Mkonga Mweusi:

Hizo lita mbili zipo wapi nikazichukue?

Binti wa Njiapanda:

Samahanini kuingilia. Nilikuwa namsoma Mama Virikuu. Mama, ukishuka Ruaha Mbuyuni unarudi na nini? Nahitaji mtu wa kuniletea vitunguu gunia nne hadi Iringa mjini.

Mama Virikuu:

Narudi mtupu siku nyingi, mwanangu. Leo ndivyo ilivyokuwa. Gunia nne nabeba vizuri.

Dereva wa Tunduma:

Vitunguu vya Mbuyuni wiki hii vina maji, msinunue. Subirini jua lipige siku tatu nne.

Binti wa Njiapanda:

Asante kaka. Na kirikuu kitapanda Kitonga na gunia nne?

Siti ya Mbele:

Dada, umesoma kichwa cha uzi?

Mkonga Mweusi:

Wakuu turudi kwenye mada. Yule fundi ameona uzi. Kanitumia ujumbe sasa hivi, anasema 4.56 anazo dukani, milioni mbili na nusu, mbele na nyuma. Alikuwa nazo muda wote! Machi alikuwa nazo!

Maganda:

Ila na chungwa?

Mama Virikuu:

Binti, niandikie namba yako inboksi. Gunia ni zile za kawaida au za lumbesa, zilizojazwa kupita kiasi? Lumbesa sibebi, mizani watanisumbua.

Binti wa Njiapanda:

Za kawaida, mama. Jumanne itakufaa?

Mama Virikuu:

Jumanne saa nne asubuhi. Yule kijana ndiye atakayekuletea.